Polyesta ya Kizota na Cheo cha Mke Wangu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo na kuoneshwa magunia ya polyesta, chembe nyeupe kama mchele wa Bahi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na tajiri mmoja alikuwa amejenga Kizota kiwanda cha prifomu, yaani vile vijibomba vinene ambavyo baadaye hupashwa moto na kupulizwa vikawa chupa za maji. Mke wangu, Yudita, aliajiriwa pamoja nami, yeye kufagia.

Fundi Mkuu, mtu wa Tanga asiyependa kurudia neno, alinifundisha kwamba polyesta hunywa unyevu wa hewani, hata huku kwetu kwenye ukame. Ukiiyeyusha na unyevu wake, inakatika ndani kwa ndani na prifomu inatoka dhaifu. Kwa hiyo hukaa kwanza kwenye kikausho, pipa refu linalopulizwa hewa ya moto, ndipo iingie mashineni kuyeyushwa kwa nyuzi za joto zaidi ya mia mbili na hamsini. Nilipanda kutoka koleo hadi kikausho, kisha nikawa opereta wa mashine. Jioni tukirudi nyumbani kwa miguu nilimweleza Yudita yote. Nilipenda alivyonisikiliza.

Kisha wakamtoa kwenye ufagio, wakampa kikausho.

Baadaye tajiri akaamua prifomu mbovu zisagwe na kurudishwa kazini. Chenga zake zilikuwa angavu kama kioo. Tulipozimimina kwenye kikausho kama kawaida, zikashikana zikawa jabali moja. Nilikuwa nimeshachukua mtaimbo Meneja Uzalishaji aliponizuia. Alikuwa kijana aliyesomea mambo hayo. Alitueleza kwamba polyesta ikipozwa ghafla kwenye kalibu inayoipa umbo, minyororo midogo isiyoonekana kwa macho iliyoiunda hubaki imevurugika, ndiyo maana inaangaza. Ukiipasha tena hulainika mapema, hata kabla ya joto la maji kuchemka, na hapo ndipo inaposhikana. Ila ukiipasha huku unaikoroga, minyororo hujipanga, chenga zinageuka nyeupe, na baada ya hapo zinastahimili kikausho.

Akauliza nani atakoroga. Nilikuwa bado nawaza, Yudita akauliza moto uwe kiasi gani. Alisimama kwenye pipa jingine lililowekewa moto, akikoroga kama mtu apikaye ugali wa msibani, mpaka chenga zikatoka nyeupe, kila moja peke yake.

"Mama huyu ana mkono," Meneja akaniambia mimi, mumewe.

Fundi Mkuu aliporudi kwao, kazi zikapangwa upya, ikapatikana nafasi moja ya msimamizi wa zamu. Mimi ndiye niliyekuwa opereta wa siku nyingi. Wakampa yeye. Siku hiyo sikugusa chakula.

"Baba Debora, unataka nikatae?" akaniuliza.

"Kubali tu."

"Sijauliza kama nikubali. Nimeuliza unataka nini."

Nikaenda kulala, naye kesho yake akakubali. Nikafanya kazi chini ya mke wangu mpaka mwisho, nikimwita Msimamizi kama wengine. Hakunigombeza mbele za watu hata mara moja, na hilo nalo liliniuma. Meneja akisimama naye kwenye kikausho wakacheka, mikono yangu ilikuwa mashineni, masikio yangu kwao. Yudita alipopelekwa Dar kwenye mafunzo, nilibaki na watoto nikipokea hongera za majirani, na kila hongera ilinichoma.

Sasa sote tumestaafu. Watu huniambia wivu huisha na uzee. Labda kwao.

Vijana wa viwanda vipya huja nyumbani kuuliza. Juzi kaja mmoja, akaniamkia, akasema prifomu zao zinatoka na ukungu kitakoni. Yudita alikuwa kanisani. Nikamweleza vizuri, bila haraka: pale ndipo plastiki ilipo nene, panapoa polepole, minyororo inapata nafasi ya kujipanga, ndipo weupe unapoingia. Aangalie maji ya kupozea kalibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Ahsante sana, mzee," akasema. "Mama atarudi saa ngapi?"

Nikamvutia kiti, nikamwambia akae amsubiri.