Tetemeko la Kila Jioni

Wakati wa vita, professeur mumoja alifukia nyuma ya nyumba yetu, kule Vulamba, mashine ya kusikiliza matetemeko ya mbali, ili ajue namna mabamba ya dunia yanazama moja chini ya lingine. Mimi mulinzi wa mashine nikavimba kichwa pale nyumbani: "Inasikiaka hadi ng'ambo ya bahari!"

Halafu kila jioni, nikiwa kwenye chorale kuimba kanisani, mashine ikaanza kuandika mitetemo ya ajabu. Nikamuita professeur mbio, nikijiona savant, mwenye akili kuliko wote.

Jioni hiyo nikaacha chorale, tukakuta mama yangu ameinama pale, anatwanga udongo na muchi, polepole.

"Mama, unafanya nini?"

"Si ulisema inasikiaka ng'ambo? Namusalimia mudogo wako. Tangu akimbie vita kwenda ng'ambo, hakuna habari yake."

Nikakosa pa kujificha. Yeye akamugeukia professeur: "Papa, salamu za jana zilifika?"