Nilimwambia Mama Peke Yake

Mimi ndiye niliyesema. Naanza na hilo mapema, maana nikipewa nafasi ya kujitetea huwa naitumia yote, na nimejitetea miaka mitatu bila kupata nafuu.

Rafiki yangu nitamwita Vero. Si jina lake. Tumekua wote Mtendeni hapa Tabora, ua wa bati tu ukitutenganisha. Jumuiya moja ya kusali, dawati moja shuleni. Yeye wa kwanza darasani, mimi wa nne, nikijitahidi wa tatu. Na mama yangu hakuchoka kunikumbusha.

"Hivi Vero anakula nini wewe usichokula?"

Jamani, hilo swali nimelisikia mpaka nikalichukia kuliko fimbo!

Tulipata nafasi ya kwenda India kusoma afya ya jamii. Chuo kimoja, chumba kimoja. Tuliondoka na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na dumu la asali ya Sikonge, na hilo dumu likavuja ndani ya begi langu. Nguo zangu zote zilinata. Vero akanigawia zake nusu kwa nusu, bila hata kuombwa.

Mwaka wa pili akaanza kukohoa. Tukasema ni vumbi. Wiki ya tatu amekonda, kila akiamka shuka limelowa jasho. Mimi ndiye niliyemburuta kwenda kupima, naye akinung'unika njia nzima. Majibu yakatoka: kifua kikuu.

Tulikaa kwenye benchi nje ya kliniki, akalia, kisha akajifuta uso na kuniambia, "Nakuomba kitu kimoja tu. Nyumbani wasijue. Nitameza dawa miezi sita, nitapona, halafu nitamwambia mama mwenyewe nikiwa nimesimama mbele yake mzima. Akisikia sasa hivi, na mimi niko mbali huku, hatalala."

Nikamwambia, "Kwani mimi nina mdomo?"

Loo! Ninao, tena mkubwa.

Kliniki walitaka mgonjwa awe na mtu wa kumwangalia akimeza dawa kila siku. Nikaandikwa mimi. Kila asubuhi kabla ya darasa nilimpikia uji, akameza vile vidonge vikubwa mbele yangu, nikaweka alama kwenye kadi. Mimi mwenyewe nilipimwa, nikakutwa salama. Baada ya wiki kadhaa daktari alisema Vero haambukizi tena, amalizie dozi tu. Akaanza kunenepa, akaanza na kunitania kwamba nasimamia vidonge kama askari magereza. Tulikuwa tunaelekea kushinda, wallahi tulikuwa karibu!

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Jumapili moja mama alinipigia simu. Salamu haijakauka mdomoni, akaanza, "Mama Vero ametutangazia kanisani, mwanawe amewapita wote kwenye mitihani, hata hao Wahindi. Wewe umepata ngapi?"

Mimi niliyekuwa napika uji! Mimi niliyekuwa naandika mihadhara kwa ajili yake siku ambazo hakuweza kunyanyuka kitandani!

Nikasema, "Mama, huyo Vero unayemsifia ana TB. Isingekuwa mimi angekuwa ameshafukiwa."

Mama akasema taratibu, "Maskini. Pole mwanangu. Kumbe wewe ndiye unayemlea."

Nawaambieni ukweli ambao hata padri sikumwambia: maneno yale yalinifurahisha. Kwa mara ya kwanza maishani mama alitusimamisha mimi na Vero pamoja akaniona mimi niko juu. Ndipo nikaongeza haraka haraka, "Lakini usimwambie mtu."

"Mwanangu, mimi wa kusema?"

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali, na zamu ilikuwa nyumbani kwa Mama Vero. Haya nimesimuliwa na dada yangu aliyekuwepo. Mama Vero alikuwa ametandika vitambaa vizuri, chai iko jikoni. Ikafika saa ya maombi, kila mwenye nia anaitoa. Mama yangu akasimama akafumba macho.

"Tumwombee binti yetu Vero huko ugenini, ee Bwana umponye ugonjwa huu wa kifua kikuu."

Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie."

Mama Vero naye aliitikia. Aliitikia kwa mazoea pamoja na wengine, kisha ndipo maneno yakamfikia. Dada anasema aligeuka akauliza kama mtu aliyeamshwa, "Vero yupi?"

Nilipompigia mama kumuuliza kwa nini, nilikuwa nalia kwa hasira. Hakuona kosa lake hata kidogo! "Sijamwambia mtu," alisema. "Nimemwambia Mungu. Wewe ulitaka mtoto wa mwenzangu afe bila kuombewa?"

Mama Vero alikuwa akiuza uji na vitumbua barazani kwake, tangu sisi wadogo. Wateja wakaanza kupita mbali. Mwanawe yuko India, hawajashika kikombe kimoja karibu miaka miwili, na bado watu waliogopa vikombe vyake! Wengine wakanong'ona, wakimaanisha ukimwi, "TB gani hiyo, semeni vizuri." Haukupita mwezi akaacha kuwasha jiko.

Na mimi madaftari yangu yalikuwa yamejaa mada ya unyanyapaa. Nimeeleza kwa kalamu nyekundu na ya bluu jinsi uvumi unavyomuumiza mgonjwa na kuifukuza familia yake katikati ya watu. Wiki ile ile ya maombi tulikuwa na mtihani wa somo hilo. Nilifaulu vizuri. Ndiyo mara ya kwanza kumpita Vero.

Yeye alikuwa amepigiwa simu na mama yake asubuhi ya mtihani. Aliporudi chumbani alisimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Umemwambia nani?"

"Mama peke yake."

"Hata mimi nina mama," akasema. "Mbona sikumwambia?"

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana! Alikusanya nguo zake, akahamia kwa msichana mmoja Mkenya ghorofa ya chini. Kliniki akaenda akafuta jina langu kwenye kadi. Dawa alimaliza, Mungu ni mwema, akapona kabisa. Tulihitimu siku moja. Kwenye picha ya Watanzania yeye yuko mwanzo wa mstari, mimi niko mwisho.

Mimi kwa muda mrefu nilijiona ndiye niliyesalitiwa. Nilimnunia mama mwaka mzima, simu sipokei, nikimwona ndiye mbaya wa hadithi hii. Ameniuza, nilijiambia, mama yangu mzazi ameniuza! Ilinichukua muda kukubali kwamba mama alifanya kile kile nilichofanya mimi, tena yeye alikuwa na nia njema. Mimi nilikuwa na wivu.

Mwaka huu nimekutwa na uvimbe kwenye titi. Wamekata kinyama kidogo wakapeleka kupima, na majibu hayajarudi. Nilitoka hospitali nikakaa chini ya paa la stendi, nimeshika simu, napitia majina. Mama, hapana. Dada atamwambia mama. Wafanyakazi wenzangu, nawajua. Mtu pekee niliyetaka kumwambia duniani alikuwa Vero.

Nikampigia. Anafanya kazi upande wa Nzega siku hizi. Alipokea, hakukata. Nilimweleza yote, naye akasikiliza kama zamani, akaniuliza maswali ya kitaalamu, akanihimiza nisiache kufuatilia majibu. Akaniambia pole, na ilikuwa pole ya kweli.

Halafu akaniuliza, "Huogopi kwamba nitasema?"

"Wewe? Hapana, Vero. Wewe siwezi kukuogopa."

"Hata mimi sikukuogopa," akasema, akanitakia siku njema, akakata.

Nimemwandikia tangu hapo. Anasoma, hajibu.

Wewe unayesoma, nakusihi. Mtu akikuletea jambo lake, usilipeleke popote. Si kwa mama, si kwa mume, wala si kwenye sala ya watu wengi ukijidanganya kwamba unasaidia. Amekuletea kwa sababu hajakuogopa. Usiwe wewe wa kumfundisha kuogopa.