Mkate wa Msafiri Mwepesi

Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya nyumba ya wageni Malindi ya Unguja, kijana mmoja wa Kizungu alikuwa akifunga hema na mizigo mingine ya safari ya baiskeli hadi Makunduchi. Ili iwe myepesi, alikuwa amekata hata mpini wa mswaki.

Bi mwenye nyumba akatoka na mkate wa kumimina mzima na chupa ya achari.

"Ahsante, Bi, lakini nasafiri mwepesi. Makunduchi kuna chakula."

"Kipo, mwanangu, lakini si changu. Utoke kwangu mikono mitupu, majirani waseme nshakufukuza?"

Kijana akatutazama sisi wanywa kahawa wa hapo barazani. Tukatazama vikombe. Vitabu vya safari hufundisha kupunguza mizigo; kumpunguza mwenyeji havifundishi.

Saa tatu aliondoka. Mkate na achari vilifungwa nyuma ya baiskeli. Hema lilibaki kwa Bi.