Mkono Chini, Hesabu Saba

Mtu aliyemuua Kiongozi alirudi bandani mwezi wa kumi akiwa na keki. Ilikuwa keki ya mbwa, ya nyama na karoti, na juu yake kumeandikwa jina la marehemu kwa malai nyeupe. Ni mimi niliyeipokea mlangoni. Nikasema, "Asante, sir," nikaiweka mezani, kisha nikaenda kufungua mfereji na kuacha maji yatiririke hadi nje ya kizingiti.

Yale maji nilikuwa nimeyapanga tangu mwezi wa nane.

Banda letu ni ghala kama maghala mengine ya Dubai Investments Park, bati juu na saruji chini. Ndani mna mbwa wa aina ya haski, wale wa nchi za theluji, wenye manyoya mazito na macho ya buluu. Watu hapa huwanunua kwa ajili ya yale macho. Kiangazi kikifika wanagundua kwamba mbwa mwenyewe hawezi kuishi bila kiyoyozi, wanamfungia barazani, au wanamwacha barabarani. Madam wetu, mwanamke aliyetoka huko huko kwenye theluji, aliwaokota mmoja mmoja hadi wakafika kumi na wanane. Majira ya baridi tulikuwa tukiwapeleka mchangani alfajiri, wanavuta kigari cha magurudumu kama ambavyo kwao wangevuta kile cha kuteleza. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa wanakaa ndani, wanabadilisha manyoya, wanalala chali kama walevi, na tunawapa mapande ya barafu tuliyogandishia dagaa katikati wayalambe.

Walikuwapo pia wafadhili. Walikuwa na chama chao na fulana zao, na kila mbwa alikuwa na mlezi. Picha ya mlezi ilitundikwa juu ya mlango wa kizimba. Jumamosi walikuja kuwachana manyoya na kupiga picha. Wengi walikuwa watu wema, siwezi kusema vingine. Mmoja alikuwa akija na kiti chake, anamsomea mbwa kipofu gazeti.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mwislamu, shule niliishia darasa la nane. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, na moja katika hizo ni kwa udongo. Kwa hiyo kando ya mfereji niliweka mkebe wa udongo, na kila nikimaliza kazi naosha mikono mara saba. Mama yangu anajua nafanya kazi ya wanyama. Anadhani ni ngamia, na mimi sijamsahihisha.

Mwenzangu bandani alikuwa Mganda, Mkristo, mtu mzima kunizidi, aliyewahi kuwa mlinzi kule Jebel Ali. Aliniita dada, nami nikamwita kaka.

"Dada, osha pole pole," alikuwa akiniambia, "utamaliza ngozi ubaki mifupa."

"Wewe kanisani kwako unaosha nini, kaka?"

"Roho tu. Haina manyoya." Kisha anatazama juu. "Hawa mbwa wana viyoyozi sita. Sisi chumbani tuko wanane, kiyoyozi kimoja, nacho kinakohoa. Mungu akiniuliza nataka kuzaliwa tena nani, nitabweka tu."

Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ya mkono. Kabla mbwa hajatoka mchana, mtu anainama, anaweka mgongo wa mkono juu ya ardhi ile ile atakayokanyaga mbwa, anahesabu hadi saba. Mkono ukivumilia, mbwa anatoka. Mkono ukishindwa, mlango unafungwa, khalas, hata aje nani. Wafadhili waliipenda sana sheria hiyo. Kwenye mikutano yao mmoja alichaguliwa aweke mkono, wengine wakahesabu kwa sauti, kisha wakapiga makofi.

Kiongozi si jina lake. Sitaki kumtaja mtu hapa kwa jina, na yeye nitamtendea vivyo hivyo. Namwita kwa kazi yake, maana ndiye aliyefungwa mbele ya wenzake kwenye kigari. Alikuwa na sikio moja lililochanika na tabia ya kukuegemea kwa uzito wote hadi utafute ukuta.

Mwaka uliotangulia mume wangu alifariki Mombasa. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri, nami niko huku na ufagio mkononi. Eda yangu niliikalia bandani. Wanawake wa kwetu hukaa eda wakizungukwa na mashangazi na visomo, mimi nilizungukwa na haski. Sikulia mbele ya mtu. Nilikuwa nikiingia kizimbani kwa Kiongozi, nakaa sakafuni, naye anakuja kuniwekea kichwa miguuni, mzito, hatikisiki. Kila siku, miezi minne na siku kumi. Kisha natoka kwenda kuosha mara saba.

Mlezi wake alikuwa mkuu wa chama, yule tuliyemwita sir. Mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ghala. Picha yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake.

Ilikuwa mwezi wa saba, Jumamosi, saa tano na kitu. Madam alikuwa amesafiri kwao. Wafadhili wengine walishaondoka. Sir akaja na ubao wa magurudumu, ule wa vijana kusimama juu yake, akasema anataka video fupi ya Kiongozi akimvuta, ya kuwatia watu moyo wachangie kiangazi.

Kaka akasimama mlangoni. "Sir, kuna joto. Hapana."

"Tutafuata sheria," sir akasema, anacheka. Akainama, akaweka mkono chini pale kizingitini. Mimi nilikuwa nimetoka kusafisha sakafu, na maji yalikuwa yamemwagikia nje, yameacha kivuli kibichi cha hatua mbili tatu kwenye saruji. Aliuweka mkono hapo hapo penye maji, kwenye kivuli cha bati. Akahesabu saba kama anayeimba. "Baridi! Yalla."

"Si hapo, sir," kaka akasema. "Ni kule." Akaonyesha lami ya maegesho.

"Unanifundisha mbwa wangu?"

"Mbwa ni wa madam, sir."

"Na kazi yako ni ya nani?"

Kaka akanitazama. Mimi nilikuwa kwenye mfereji, nimefika kuosha mara ya tano. Niliona kila kitu, niliona mkono ulipowekwa. Nikatazama mkebe wa udongo, nikaendelea kuhesabu, sita, saba. Nilipoinua macho, Kiongozi alikuwa amevishwa mikanda ya kuvutia na mkia wake umesimama kwa furaha.

Kuna jambo ambalo mtu anayependa mbwa kwa picha halijui. Mbwa wa kuvuta hasimami kwa kuchoka, husimama kwa kuambiwa. Neno la kumsimamisha alilileta madam kutoka kwao, na sir hakuwahi kujifunza. Alisema neno la kawaida la Kiingereza, na Kiongozi alilielewa kuwa ni kelele za kumshangilia. Alizunguka maghala mawili juu ya lami ya mwezi wa saba. Alisimama pale tu kaka alipomkimbilia anapiga kelele lile neno la madam, na aliposimama alianguka. Sir hakuwa ameumia popote. Aliruka chini vizuri.

Tulimbeba na taulo zilizolowa. Nyayo zilikuwa zimechubuka hadi nyama. Alikufa garini, njiani kwa daktari, kichwa chake kiko miguuni pangu, na nilijua dakika yenyewe kwa sababu uzito ulibadilika.

Kesho yake sir aliandika kwenye kundi la chama kwenye simu. Alisema wahudumu walimhakikishia kwamba ardhi imepimwa na imepoa, na yeye akawaamini. Akaweka picha ya mshumaa. Watu wakamwonea huruma. Mmoja akaandika kwamba hawa watu hawajui mbwa, si utamaduni wao. Madam akapiga simu kutoka kwao, akazungumza na kaka. Simu haikufika mikononi mwangu. Baada ya wiki moja kaka alifunga begi.

Angeweza kusema, "Muulizeni dada, alikuwapo." Hakusema. Na mimi sikwenda kuulizwa. Kafeel wetu, mdhamini wa viza zetu, alikuwa mmoja, na viza yangu ilikuwa imebakiza miezi michache. Niliogopa. Nimetafuta neno lenye heshima zaidi ya hilo na sijalipata.

Siku anaondoka aliniachia ndala zake za bandani. "Vaa wewe, dada, miguu yako ni mikubwa." Akacheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Basi nikabaki na sir. Aliendelea kuja kila Jumamosi, amevaa kitambaa cheusi mkononi, anakumbatiwa na watu. Siku ya kwanza nilimpa kahawa katika kikombe kilicholambwa na mbwa watatu, nami sikukiosha hata mara moja, sembuse saba. Akasema ni tamu kuliko zote. Nikafurahi hadi magharibi. Wiki iliyofuata nikafanya tena, lakini furaha ilikuwa ndogo, maana yeye hakujua. Kisasi ambacho mwenye nacho ndiye peke yake anayekijua hakishibishi. Nilitaka ajue, na wenzake wajue, na nilitaka iwe kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo nikaanza kuyafikiria maji.

Mkutano wa mwezi wa kumi ni wa kufungua msimu. Alfajiri mbwa wanakimbizwa mchangani, kisha wafadhili wote wanarudi bandani kula, na kabla ya kuwatoa mbwa uani mmoja anaweka mkono chini, wanahesabu. Mwaka huo walitaka pia kutundika ukutani mkanda wa shingo wa Kiongozi, na sir ndiye angesema maneno. Madam alikuwa amerudi.

Saa tano niliosha sakafu ambayo ilikuwa safi tayari. Maji yakatoka nje, yakalowesha saruji ile ile, kivuli kile kile. Kwingineko lami ilikuwa kavu, na mwezi wa kumi Dubai jua bado halijasikia kwamba kiangazi kimekwisha.

Madam akauliza, "Leo nani ataweka mkono?"

Tangu nianze kazi pale sikuwahi kufungua mdomo kwenye mkutano. Nikasema, "Madam, aweke sir. Kwa heshima ya Kiongozi."

Watu wakapenda. Mwenye mbwa kipofu akafuta machozi. Sir akatoka mbele, akatazama chini. Nilikuwa nimejiambia kwamba akienda moja kwa moja kwenye lami kavu nitaacha yote, nitajua angalau alijifunza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama kizingitini penye maji. Akaweka mkono wake. Wakahesabu naye hadi saba, wakapiga makofi.

"Si hapo, sir," nikasema. "Ni kule."

Makofi yalififia. Yeye alitambua maneno yale, nilimwona anayatambua.

"Mbwa hawatapita kizingitini tu," nikasema. "Watapita pale. Weka pale, kama alivyokuambia kaka siku ile."

Madam akanigeukia. "Siku ile ipi?"

Sir hakuwa na pa kukimbilia, watu thelathini wamevaa fulana za chama chake wanamtazama. Akaenda kwenye lami, akaweka mgongo wa mkono. Hakuna aliyehesabu, kwa hiyo nikahesabu mimi, taratibu, kama nioshavyo. Moja. Mbili. Tatu. Aliuondoa kabla ya nne, akauingiza kwapani.

Nilifurahi. Sitadanganya hapo. Nilitaka nimwambie arudishe, azunguke maghala mawili juu ya mkono huo.

Kisha nikamweleza madam yote, mbele ya wote: maji, ubao, neno la kusimamisha, na kwamba kaka alikataa. Nikamweleza pia kwamba nilikuwa pale pale mferejini, nikaona, nikanyamaza.

Madam hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kile kizimba kitupu, akaishusha ile picha kubwa, akampa sir mkononi, ule mzima. Sir akaondoka nayo. Keki ilibaki. Mbwa waliila kwa dakika moja, jina na yote.

Jioni ile ile madam alimwandikia kaka kumwomba radhi na kumwita arudi. Kwenye kundi la chama akaandika ukweli, na jina la kaka likasafishwa na wale wale waliolichafua. Nikamtumia kaka ujumbe wa sauti kumsimulia, kwa majivuno, nikimwiga sir alivyoingiza mkono kwapani.

Alijibu siku ya pili. Alikuwa nyumbani Kampala, nasikia kuku nyuma yake. Alicheka hadi akakohoa. Alisema harudi, amepata kazi ya ulinzi shuleni, huko watoto wanamwamkia. Akasema asante. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mkubwa alifika tatu tu?"

Kuku wakaendelea.

"Na wewe, dada, siku ile kwenye mfereji. Ulifika saba, si ndiyo?"

Hakusema kwa ubaya. Nimeusikiliza ule ujumbe mara nyingi, nikitafuta ubaya ndani yake ili na mimi nikasirike, sijaupata. Ndala zake bado navaa. Namtumia picha za mbwa, ananijibu kwa utani. Lile swali peke yake ndilo sijamjibu.