Kichwa cha Shaba Juu ya Sufuria ya Koko

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo: chuma kiligonga chuma ndani ya shaba, mara tatu, kisha kimya. Ilikuwa Jumatatu iliyopita, uani kwa bibi yangu, mjini Mahajanga, nami nilikuwa nikikigeuza kile kitu mkononi ili nikione kitako chake. Nilikirudisha mkekani kama mtu anayemlaza mtoto, nikarudi nyuma hatua saba. Nilizihesabu.

Pengine wewe, rafiki, hukulelewa na kitu cha namna hiyo, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Ni kiwashio cha kombora: kipande cha shaba chenye umbo la pia, kinachoenea kiganjani, na pete inayozunguka iliyochorwa tarakimu. Jeshi hukifunga kwenye ncha ya kombora, na tarakimu hupanga muda wa kusubiri kabla ya mlipuko. Haya nimeyajua juzi tu. Katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bendera ikiwa bado haijapauka, kwetu kilikuwa kizito cha sufuria. Babu, mpakuzi wa bandarini, alikileta nyumbani baada ya vita vya pili vya dunia, akafa, kikabaki. Koko, ndivyo Wakomori tunavyomwita bibi, alikiweka juu ya kifuniko cha wali wa nazi ili mvuke usitoroke, nacho kilitetemeka hapo taratibu huku sisi tukisubiri sahani zetu.

Nilisoma Andoany, kule kisiwani Nosy Be, baba alikokuwa karani, na kila likizo nilivuka kuja Mahajanga. Maulidi yalipokaribia, watoto wote wa nyumba tulitandikiwa mkeka, tukagawiwa nusu za ndimu, majivu na makumbi ya nazi. Tulisugua sinia, chetezo na mrashi, na mwisho kile kichwa cha shaba, kwa zamu, kwa sababu kila mmoja alitaka kuizungusha pete. Vidole vilituwasha hadi kesho yake. Koko alizoea kusema kwamba shaba isiyong'aa humwaibisha mwenye nyumba kabla hajafungua kinywa. Basi tulisugua kwa bidii.

Bidii hiyo ndiyo inayonisumbua sasa. Mwalimu wangu wa zamani wa Andoany hukusanya vitu vya vita: vifungo vya sare, kofia za chuma, maganda ya risasi. Nilipopita kumsalimu nikiwa safarini kuja huku, nilimtajia kizito cha koko, naye akataka kujua asili yake. Vya Waingereza, alieleza, huwa na mshale mpana, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku. Vya Wafaransa hubeba herufi za kiwanda. "Wewe ni mtu wa utafiti, binti," aliniambia. "Niletee alama tu." Nikaja na kioo cha kukuzia na daftari. Pale alama ilipostahili kuwa palikuwa laini kama shavu. Maulidi yetu yote yalikuwa yameifuta.

Kwa siku tatu nilibishana na daftari. Kidole changu kinaukumbuka unyayo wa kuku. Lakini je, kinakumbuka kweli, au kimefundishwa na mwalimu wiki hii? Waingereza walishuka Mahajanga wakati wa vita, na hilo linaunga mkono. Wafaransa walikaa hapa muda mrefu zaidi, na hilo linapinga. Nilijaza kurasa sita. Wakati huo wote kile kitu kilikuwa uani, chini ya beseni nililokifunikia, na Maulidi yalikuwa Ijumaa. Watoto wa shangazi walikwisha kununuliwa ndimu.

"Umesoma mpaka chombo cha jikoni kinakutisha," shangazi alisema. "Toa beseni langu, nina nguo za kufua."

"Shangazi, kimelia."

"Hata magoti yangu hulia."

Koko hakucheka. "Mwanangu, mkeka ule ulikuwa na mikono kumi na minne," alisema kwa Kikomori chake cha polepole. "Huyu yuko Moroni, yule Réunion, wewe Dar. Babu yenu hakuacha hata picha. Askari wakikichukua hicho, nitawaonyesha nini hawa waliobaki?"

Alisema kweli: ua ule wa utoto wetu ulikwisha bila kishindo, kwa meli na kwa barua, na mimi nilikuwa nikitaka kuondoa hata masalia yake. Lakini nililiona pia kosa langu. Nilikuwa nikitafuta kilikotoka, kana kwamba nchi ya kuzaliwa ingeniambia kama bado kiko hai. Hata alama ingekuwepo, isingeniambia.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa jirani Mhindi, mwenye duka la vitambaa na simu, nikaomba kuunganishwa na kituo cha askari. Nilikuwa nimeandaa kwa Kifaransa sentensi ndefu kuhusu mshale, herufi na mashaka yangu. Askari alinikatiza. Hakuuliza ni cha nchi gani. Aliuliza nyumbani mmo wangapi.

Nikaanza kuwataja, nikianzia na koko.