Ukurasa Niliouchomoa Kwenye Kitabu cha Katuni

Mnisamehe kwa makosa ya tahajia na mwandiko unaopanda na kushuka. Niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Tulipokuwa darasa la sita, huku kwetu Kinampanda, mwalimu wa Kiswahili alileta kitabu cha katuni, kimoja kwa darasa zima. Kilihusu msichana kiziwi aliyehamia shule mpya. Mwalimu alisema kitatufundisha lugha na pia kuishi na kila mwenzetu. Maneno ya wahusika aliyafunika kwa vipande vya karatasi, nasi tukawa tunaandika, dawati kwa dawati, tunachodhani wanasema.

Darasani tulikuwa na msichana kiziwi, mgeni wa muhula ule. Yeye aliziangalia nyuso kwenye picha akajua nani anadanganya na nani anaogopa. Rafiki yangu, niliyekaa naye tangu darasa la kwanza, akavutiwa. Mimi nina haya. Mwalimu akiniuliza kitu, rafiki huyo ndiye aliyenisemea. Siku moja alichukua madaftari yake akahamia kwa yule mgeni. Wakawa wanaongea kwa vidole na kucheka. Niliona wananicheka mimi.

Wakati wa mapumziko nikachomoa ukurasa ambao wasichana wanamkaribisha yule kiziwi kuruka kamba. Nikauficha ndani ya sweta.

Tulipofika hapo hadithi ikakatika. Mwalimu aliuliza ukurasa umekwenda wapi, wenzangu wakainama kuutafuta chini ya madawati. Yule mgeni akaomba karatasi, akauchora ukurasa wote upya kwa kumbukumbu. Tukampongeza kwa kutikisa mikono hewani, ndiyo makofi ya viziwi. Rafiki yangu alitikisa kuliko wote. Mimi mikono yangu niliikalia.

Ijumaa niliurudisha ule ukurasa mezani kwa mwalimu, nikidhani ofisini hakuna mtu. Nilipogeuka, rafiki yangu alikuwa mlangoni na rundo la madaftari.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Si ungeniambia tu, mwenzangu? Dawati lile linakaliwa na watatu. Ningekaa katikati."

Hakunisemea kwa mwalimu, na mimi sikuhamia kwao.

Wote wawili walifaulu kwenda sekondari, mimi nalima alizeti na mama. Wakirudi likizo nawaona barabarani wakiongea kwa mikono, nami sijui hata ishara moja. Nikisema wivu umeisha nitakuwa mwongo.

Kama na wewe ulichukuliwa rafiki, au ulidhani umechukuliwa, tafadhali niandikie unieleze ulianzaje kumsemesha tena. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.