Thelathini na Moja Tulivyogoma Kupangika

Juzi basi letu lilipata pancha pale Buseresere, na kukaa nikisubiri mimi siwezi, ndugu yangu. Nikateremka kwenda kuitazama shule yetu ya zamani. Watoto walikuwa uwanjani, mwalimu anawapanga mistari. Miguu ikaanza kunicheza.

Mimi niliishia darasa la nne, tena kwa kusukumwa. Hesabu niliyotoka nayo ni ya namba tasa. Mwalimu alitufundisha kwa mbegu za pamba, tukizipanga vumbini. Chukua kumi na mbili: zinakaa mistari mitatu, nne nne. Chukua kumi na tatu: panga utakavyo, ipo itakayobaki nje, labda uzilaze zote mstari mmoja. "Hiyo ni tasa," anasema, "haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe." Nyumbani nikawa sikomi kupanga, mpaka bibi akaninyang'anya mbegu zake. Bibi huyo, michembe yake, yaani viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, harufu ilitutoa mtoni tukiwa na sabuni kichwani. Lakini ngoja, nisipotee.

Ikakaribia Saba Saba. Lori la kubebea pamba lingetupeleka Geita kucheza halaiki, na mimi gari nilikuwa nalijua kwa vumbi lake tu. Usingizi ukanihama. Siku ya safari tukapangwa: thelathini na moja. Mwalimu akajaribu mistari miwili, mitatu, mitano, kila mara mmoja nje. "Tasa!" akasema, akamtoa Doto, pacha wa Kulwa, aliyekuwa wa mwisho kwa ufupi. Thelathini ikakaa vizuri, sita sita.

Mama yao akatokea, khanga kiunoni. Kwetu pacha mmoja hapewi kitu mwenzake akanyimwa, aliyenyimwa ataugua.

"Shikamoo, mama," mwalimu akawahi.

"Marahaba. Mwalimu, walitosha tumbo moja, leo lori zima liwashinde?"

"Ni hesabu, mama. Akienda Kulwa peke yake, mistari inakaa."

"Yaya!" Yaani hapana. "Panga wa wenzio. Wangu nawachukua wote wawili."

Tukabaki ishirini na tisa. Mwalimu akapanga mbili mbili, mmoja nje. Tatu tatu, wawili nje. Tano tano, wanne nje. Akavua kofia. "Hii nayo tasa!" Ikabidi atoke mwingine, tubaki ishirini na nane, mistari minne ya saba saba. Nikajikaza nisimame kama mlingoti, lakini mwili wangu haujui kutulia. Kidole gumba kikawa kinachimba ardhi.

"Kisulisuli, unatikisika!" wenzangu wakacheka. Kidole cha mwalimu kikanifikia.

Lori likaondoka na nyimbo zake. Mama wa mapacha akaniita nile nao. Nilikaa, nikasimama, nikakaa.

Tangu hapo sijatulia. Nimefuata dhahabu Rwamgasa, nimebeba mizigo Mwadui, nimepanda malori yasiyo na idadi, mengine juu ya magunia. Uwanja wa shule sasa nusu yake ni vibanda, na lori lile, nasikia, lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Basi lilipopiga honi nilikimbia kama mtoto, nikawahi kiti cha dirishani. Nikaegemeza sikio kwenye kioo. Katika abiria wote, hakuna aliyeimba.